Zizi la Ndani

Kutoka mfereji wa Uru hadi mlango wetu
ni hatua kumi na saba za mtu mzima
aliyevaa gambuti, na jembe la zamu ya maji begani.
Zikija sawasawa, mama alianza kupakua kiburu.
Moja ikiburuzika, hata moja,
hata ile ya tisa penye jiwe,
nilikuwa nimeshaingia kwa mbuzi.

Fito tu zilitenga kitanda changu na pembe zao.
Nililala juu ya majani ya migomba yaliyolowa,
uso ubavuni mwa yule jike mwenye doa jeupe,
nikipumua anapopumua,
nikisikiliza sufuria, kisha stuli, kisha mama.
Mama hakuwa na kilio kikubwa.
Alilia kama mtu anayeomba radhi
kwa kupita mbele ya wageni.
Mbuzi alicheua. Hakunitaja.

Leo nina miaka arobaini na mitatu.
Natunza vitabu vya chama cha ushirika, Moshi mjini,
na mizania yangu haijawahi kupishana hata senti.
Wakaguzi husifu. Hawajui
nilijifunzia wapi kuhesabu.

Siku ya harusi yangu, ukumbini kule Rau,
walipoingiza ndafu kwa shangwe,
majani mdomoni, kasimama kama yu hai,
nilitoka na shela langu hadi choo cha wanaume
nikafunga komeo.
Shangazi Ndeshi aliwaambia watu ni mimba.
Wakapiga vigelegele.
Tangu wiki ile mume wangu Kundaeli
huvua viatu getini, huingia pekupeku.
Hajauliza.

Masika haya baba ameletwa kwangu.
Upande wa kushoto umekufa, kliniki kila Alhamisi.
Anakula uji mkononi mwangu,
kijiko kikigonga meno matatu yaliyobaki.
Usiku huenda chooni.
Mguu mmoja unakanyaga, mmoja unaburuzika.
Unakanyaga.
Unaburuzika.
Na mimi, mwenye funguo zote za nyumba hii,
najikuta stoo, nyuma ya gunia la mkaa,
magoti kidevuni.

Binti yangu Aikande, miaka tisa, alinikuta huko juzi.
Hakuwasha taa. Alichuchumaa kando yangu
akanong'ona, "Tunamkimbia nani?"

Ile "tu" ilinichoma kuliko mkanda wowote.

Asubuhi nilimwogesha mzee.
Mgongo uliokuwa ukiziba mlango mzima
sasa ni ubao wa kufulia.
Nikamuuliza kwa Kichagga,
kwa sauti ya kuulizia bei ya ndizi:
"Yule mbuzi mwenye doa, ulimpeleka wapi?"
Alinyamaza. Maji yakaanza kupoa kwenye beseni.
"Nilimuuza Kiborloni," akasema, mdomo ukienda upande.
"Alikuwa hacheui vizuri ukimlalia."

Nilibaki na sabuni mkononi.

Kumbe alijua.
Miaka yote ile, nyuma ya zile fito,
nilijibana pumzi kwa ajili ya mtu aliyejua,
aliyesimama upande wake akisikia mbuzi anavyotafuna,
na hakuja.
Hakuja, na hakuacha.
Nilidhani nilifichwa na mnyama.
Sasa sijui nimshukuru nani, wala nimdai nani,
na kama alinihurumia mimi
mbona hakubakiza kidogo kwa mama,
aliyekuwa hatua nne tu kutoka kwake,
asiye na zizi.

Nimerudi mferejini, naanza upya: moja, mbili,
penye jiwe, kumi,
naandika kila hatua kwenye safu nyingine ya daftari.
Haitoki sawa. Mara ya kwanza maishani
haitoki sawa.

Baba ananiita jina langu la utotoni.
Amebaki uchi, baridi imemshika.
Nachukua taulo.