Injini Ni Ileile

Mbili, zote dizeli, zote rangi ya majivu,
zimeegeshwa Uyole, umande wa Julai juu ya boneti.
Ambakisye dalali ananiambia:
injini ni ileile, shemeji, tofauti ni mapambo.

Hii, vioo vya kuzungusha kwa mkono,
viti vya kitambaa, redio ilishakufa.
Ile, ngozi tupu, na dirisha la paa
(kwa mvua za Tukuyu? nikacheka)
na kitufe chenye picha ya kiti kinachofuka mvuke.
Milioni tatu zaidi.

Nilikwishaamua. Milioni tatu ni mbolea,
ni ada ya Lusajo, ni tairi nne na chenji.
Nikawasha ya bei poa: ikakohoa,
ikatema moshi mweupe, ikakubali.

Mama akapanda ile nyingine bila kuulizwa,
yeye aliyeuza viazi alfajiri miaka thelathini
akikalia debe lenye baridi ya chuma.
Kimya.
Kisha, kupitia mlango ulio wazi:
"Gwe, kiti hiki kinapumua."

Hakushuka.
Dalali akageukia mlima, asiongeze neno.
Nami nikaanza kuhesabu mbolea upya,
mfuko kwa mfuko.