Hupasukia Wapi

Ekseli ya kwanza ilikatika kama muwa.
Gari halijamaliza hata mita kumi,
injini inanguruma, gurudumu la nyuma limeduwaa.
Niliokota kipande kingali moto,
nikakitazama pale kilipokatikia:
chembechembe, kama sukari guru.
Makokha akacheka. "Hicho ulinunua au ulirithi?"

Pesa zote nilikuwa nimezitia kwenye injini.
Nilinunua ngurumo,
nikasahau njia ngurumo itakayopitia.

Basi nikaanza upya, kutoka mkiani.
Difu niliipata Molo, chini ya pikapu ya maziwa
iliyopanda matope miaka kumi na tisa bila kulalamika.
Mwenyewe alitaka elfu kumi na nne.
Nikampa tisa, na redio yangu,
na ahadi ya kumtengenezea breki.
Propela ilitoka kwa lori la viazi.
Jeptanui aliifupisha kwenye mashine yake, Viwandani,
akaizungusha kwa kidole kimoja,
akaiinamia kama mtu anayechagua tikiti maji.
"Imepinda unywele."
Nikamwambia unywele si kitu.
"Si kitu ukienda sokoni," alisema,
akaikata, akaichomelea tena.

Giaboksi sikuibadilisha. Nilibadilisha mguu.
Wiki tatu nyuma ya ghala la ngano
nikijifunza kuachia klachi
bila hasira.

Usiku nilipiga hesabu juu ya pakiti ya unga:
hii itahimili, hii itahimili, na hii je?
Ngoma ikilia sana hupasuka, tuliambiwa.
Hakuna aliyetuambia hupasukia wapi.

Sina pesa ya kukataza kitu kisivunjike.
Nina pesa ya kuchagua kitakachovunjika.
Kwa hiyo kabla ya difu nikaweka krosi nyepesi,
shilingi mia sita hamsini, duka la pale kona,
na nyingine tatu ndani ya soksi chini ya kiti.
Chini ya propela nikafunga kitanzi cha chuma
isije ikaanguka ikachimba lami, ikatupindua.

Jumapili, Lanet. Baridi ya Menengai bado iko shingoni.
Kipande cha lami kimenyooka, kamba na magunia pembeni,
watoto juu ya ukuta, mama wa mayai na kachumbari.
Mbio ya kwanza, nzima.
Ya pili, nzima.
Ya tatu nikamwacha mtu wa Kisumu na gari lake la bluu,
sikuamini, nikaangalia kioo mara mbili.
Ya nne: tak!
Bluu likanipita, dereva wake akipunga mkono.

Nililala chali kwenye lami, tochi mdomoni.
Difu nzima. Ekseli zote mbili nzima.
Kitanzi kimekwaruzwa, kimeshika.
Makokha akainama: "Umeshindwa, unachekea nini huko chini?"
Nikamwonyesha krosi kiganjani, vipande viwili, ya moto.

"Mia sita hamsini," nikasema.
"Niletee soksi."