Nusu Sekunde

Skrini nne, macho mawili.
Chini huko roboti inakagua nyavu za vizimba vya sato,
nami juu huku, ndani ya kontena la Luchelele,
natoka jasho kwa niaba yake.

Nikisukuma fimbo, picha huchelewa nusu sekunde.
Si kitu, alisema Lushinge aliyenifundisha.
Ni kitu, Lushinge.
Humo ndimo ninamoishi kutwa:
mkono umeshaamua, jicho halijapata habari.

Kamera haina shingo. Haina kisigino
cha kuniambia maji yanavutia wapi.
Basi nayabeba mwenyewe kichwani: kina mita kumi na moja,
kebo imepita kushoto, betri thelathini na nane,
tundu kizimba cha sita, au ni kivuli cha gugumaji?
Narudi. Kivuli.
Narudi tena, maana sijiamini.

Jioni, Nyegezi, nasimama nivuke barabara.
Bodaboda inakuja. Naiona vizuri kabisa,
na bado nasubiri picha ifike.

Mama Ng'walu wa samaki ananidaka mkono:
"We Nyanzobe, unaota?"
Kiganja chake kina magamba, kina joto,
na hakikuchelewa.