Filimbi Tatu

Katonga, Jumamosi, kwenye uwanja wa kata
uliochongwa na greda la halmashauri siku mbili,
likaondoka, likaacha goli moja limeinama.

Hapo Mwavita hufundisha netiboli.
Filimbi moja: simama.
Mbili: badilisheni nafasi.
Tatu: acha mpira, mshike mdogo wako mkono,
panda hadi kwenye tangi la maji, bila kuulizana.

"Tuliwaleta kucheza," mama Ntahondi alinung'unika,
"siyo kupandishwa milima kama mbuzi."

Usiku mmoja wa Aprili korongo lilijaa,
ziwa nalo likakataa kumeza.
Umeme hakuna. Simu ya mtendaji haipatikani.
Tatu.

Watoto waliamka kabla ya wazazi.
Gwimo, miaka sita, akamvuta babu yake kanzu:
"Usiulize, babu! Ndiyo mchezo ulivyo!"

Tangini walipanga mstari, wakahesabiana gizani.
Mama Ntahondi alikuwa wa arobaini na moja,
kiatu mguu mmoja.

Asubuhi Mwavita akajaza fomu ya Idara ya Michezo,
sehemu ya vifaa vilivyopotea:
Mpira mmoja. Ulionekana ukielekea Kongo.
Tunaomba mwingine kabla ya Jumamosi.