Kigingi

Asubuhi napaka miti rangi nyekundu:
huu usikatwe, huu usikatwe, na huu.
Hiyo ni kazi ya watu wa hifadhi,
wanaohesabu hewa iliyolala ndani ya shina
kama mwenye duka ahesabuvyo magunia.
Mchana navua fulana yao, navaa ya kampuni,
nachomeka vigingi vya manjano
pale michikichi itakapofika mwakani.
Mguu ni huu huu, tope ni lile lile la Kapuas.
Ndiyo, nalipwa mara mbili. Nina mtoto bwenini Pontianak.

Mawese haya, kaniambia mpimaji Hendrikus
akipangusa jasho kwenye kioo cha mashine,
hayaendi jikoni. Yanaendesha malori ya ng'ambo.
Dizeli safi, akasema, isiyochafua mbingu.
Nikakumbuka miezi mitatu ya moshi,
mboji ikiungua chini kwa chini kama kinyongo,
mwanangu akikohoa hadi alfajiri.
Sikusema kitu. Nilikuwa nimeshika upimo.

Leo mistari miwili imekutana
kwa shangazi yangu, Indai Lunsa.
Ramani ya hifadhi inasema: msitu ulioharibika.
Ramani ya kampuni inasema: ardhi tupu.
Zimegombana kutoka mtoni hadi kilimani,
hapa tu zimepatana.

Tupu! Na ile mipira ya utomvu aliyoipanda mumewe,
na midoriani mitatu yenye majina ya marehemu,
na kichaka alichokipumzisha miaka tisa
(maana ardhi nayo, kama mzazi, ina arobaini yake)
akakifyeka juzi bila kukichoma:
moto wa maskini siku hizi ni jela.

Amekuja na kikapu cha mbegu mgongoni.
Hakunisalimu. Alikizunguka kigingi changu,
akakitikisa, akaking'oa
kama mtu ang'oavyo muhogo wake mwenyewe.
Nikangoja matusi.
Akapitisha kidole gumba kwenye ncha.
"Mti mgumu huu. Nani kauchonga?"
"Mimi."
"Umechonga vizuri. Haya, toboa."

Kwetu mwanamume hutoboa, mwanamke hudondosha mbegu.
Hendrikus akaniita mara mbili kutoka upande wa pili wa kijito.
Nikatoboa shimo la kwanza,
la pili,
manjano yakinishika kiganjani
juu ya nyekundu ya asubuhi,
na nyuma yangu punje tano, punje sita,
na kisigino chake kikifukia.