Hasikii

Neno hilo niliandika mimi,
kwa kalamu ya buluu, safu ya maoni,
muhula wa kwanza, jina la arobaini na tisa:
Mwinyikondo Pazi. Hasikii.
Nikalipigia mstari chini
kama mtu anayesukuma komeo.

Semina ilikuwa ya siku tatu, Chang'ombe,
viti vya plastiki, maandazi ya saa nne,
feni moja iliyozunguka kama inayofikiria kustaafu.
Nilifuata posho, sitaficha.
Shomvi naye, Tumsifu naye,
na daftari jipya tulilogawiwa
kila mmoja alikwishampa mwanawe moyoni.

Bi Eliapenda hakuja na projekta.
Alitandaza andalio langu la somo mezani,
Hisabati, darasa la nne, sehemu,
akaweka kidole kwenye kisanduku cha idadi.
"Hawa ni wangapi?"
Nikamwambia, imeandikwa hapo, mia moja na kumi na mbili.
"Namba naiona. Nitajie wanaokaa dirishani."

Nilitaja watatu.
Wa nne nilimwita "yule mtundu".

Marehemu mama alishona sare, Mtoni kwa Azizi Ali.
Hakugusa mkasi kabla futi haijazunguka kiuno,
na kila sketi aliiachia pindo,
vidole vitatu vya nguo vilivyokunjwa ndani,
maana mtoto, alisema, haji kwa fundi amemaliza kukua.
Miaka kumi na tisa nafundisha,
somo langu halijawahi kuwa na pindo.
Nalikata usiku, kwa mwanga wa simu,
kwa kipimo cha mtoto mmoja:
anaona, anasikia, ameshiba, amekaa mbele.
Sijapata kumkuta darasani.

Nililisema hilo mbele ya watu. Shomvi akasimama.
"Mia na kumi na mbili, ndugu yangu,
na chaki za kuazima.
Pindo zote hizo nizishone saa ngapi?"
Watu wakacheka, kisha hawakucheka.
Bi Eliapenda hakumjibu.
Aliliandika swali lake kwenye karatasi kubwa ukutani,
likakaa pale hadi siku ya tatu,
na siku ya tatu tukaikunja karatasi
likiwa bado swali.

Nilichorudi nacho Mbagala ni kazi moja tu:
kaa kwenye dawati la aliyekushinda.

Jumatatu, saa ya mapumziko,
nikajibana penye nafasi ya Mwinyikondo,
magoti yakigonga mbao.
Kulia kwangu dirisha, nje ya dirisha barabara ya Kilwa,
malori ya saruji yakibadilisha gia.
Nilimwomba Tumsifu asimame ubaoni anisomee mfano wa tatu.
Nikaona mdomo.

Nikamfuata mtoto uwanjani.
Nilisimama kushotoni kwake, nikamwita jina lake,
jina lake zima, taratibu.
Akaendelea kutafuna muwa.
Nikazunguka kulia.
"Naam, mwalimu,"
akatupa makapi, akanyoosha viganja mbele
kama anayejua kinachofuata.

Asiyesikia la mkuu. Mara ngapi nimempigia methali ile,
sauti yangu ikibisha ukutani
nami nikidhani ni mlango.

Dawati tumelihamisha. Hatua kumi na moja,
nimezihesabu, mbali na malori,
sikio lililo hai likitazama ubao.
Wamebaki mia moja na kumi na mmoja.
Asha Mbonde husogeza daftari hadi puani; kesho nitakaa pale.
Shomvi bado anadai jibu lake, na ana haki.

Kitabu cha maendeleo hakikubali ufutio,
wino umeshanywewa na karatasi.
Sikufuta. Nimeongeza
kwa mwandiko mdogo, uliobanana na mstari wangu wa zamani:
Hasikii
kwa sikio la kushoto.
Simama kuliani kwake.