Usinizime

Ijumaa saa tatu usiku, Webuye.
Mvua yatwanga bati
na kompyuta inaniambia: usinizime.
Asilimia thelathini.
Sikuiomba kitu. Nilikuwa naandika
"alimpenda ng'ombe wake wa mabaka
na chai ya rangi, hakueleza kwa nini",
wasifu wa marehemu Sitati,
anayezikwa kesho Misikhu saa nne.
Kurasa nane, nakala mia mbili.

Thelathini na moja.
Bintiye amekaa kwenye stuli yangu,
leso imelowa, haulizi.
Nimwambieje? Kwamba mashine inajifunza mapya
ili isahau ya jana?
Mwezi uliopita ilijisasisha hivihivi,
ikaamka haimtambui printa,
jirani yake wa miaka sita.

"Nunua mpya," mwanangu hunipigia kutoka Eldoret.
Nimeziona hizo mpya:
nyembamba kama chapati ya mwisho wa mwezi.
Fundi Wekhomo hutikisa kichwa.
Chukua ile nyeusi iliyostaafu ofisini,
nzito kama jiwe la kusagia,
betri imekufa lakini roho ipo,
na usiionjeshe intaneti,
ikishaonja itaanza kusikia sauti.

Thelathini na moja.
Bado thelathini na moja.

Kisha stima ikapotea.

Binti akawasha tochi ya simu,
akaimulika karatasi tupu mapajani mwangu.
"Andika tu, mama.
Baba mwenyewe hakuwahi kumaliza kitu kwa wakati."

Nikaanza na ng'ombe.